Mama Aliyezimisha Taa za Mji Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kufika. Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kike peke yake. Baba yake aliwasha taa za ishara relini. Mama yake alifua sare za wafanyakazi wa treni, na masizi yale, alisimulia marehemu, yalimaliza kipande cha sabuni yakabaki palepale. Jioni baba yake alimketisha kwenye ngazi ya kibanda chake, akamwonyesha taa kule mbali, akamwuliza, "Ile ni ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali?" Mtoto akajibu lolote lililomjia mdomoni. Hata alipopatia, mzee alisema, "Umebahatisha, mwanangu. Wa kubahatisha hajisifu."

Shule alianza mwaka 1959, shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao. Akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1971 akaingia chuo kikuu kusoma hisabati. Alikuwa hodari, na alikuwa mbishi. Kaka yake, aliyekaa hapo mstari wa mbele, anasema ukimwambia dada mvua inakuja, alitoka nje kwanza kuiangalia, na alirudi ameloa chapachapa akisema, "Haya, sasa nimeamini."

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa katika kituo cha darubini kilicho kilimani juu ya mji wetu. Alifanya kazi katika chumba cha vipimo, chumba chenye meza nne, feni moja isiyogeuza shingo, na dirisha linalotazama tangi la maji. Siku zile picha za nyota zilipigwa kwenye vioo, na yeye alivipima vioo hivyo kwa lenzi, nukta kwa nukta, hadi kope la jicho la kulia likabaki na mkunjo ambao nyote mliujua. Wenzake walikwishagawana sayari na miezi yake mikubwa. Yeye alipewa mwezi mmoja mdogo wa sayari ya mbali, mwezi wa pembeni kabisa, tena unaozunguka kinyume na wenzake. Mkuu wa kituo alimwambia, "Chukua huu, hauna mwenyewe." Akauchukua, na hakuuacha tena.

Wengi mmeuliza alikuwa akifanya nini huko miaka yote. Mkaza mwana wake mdogo, aliyeishia darasa la saba, aliwahi kumwuliza swali hilohilo wakiwa wanaanika nepi. Marehemu alimjibu kwamba kwanza alitafuta njia ya mwezi ule, yaani unapita wapi unapoizunguka sayari yake na unarudi lini palepale. Pili, alitaka kujua ni kitu cha namna gani. Mwanga wake ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na kwa hiyo alijua hauko mviringo kama mpira. Ni kama kiazi kinachojigeuza. Lakini ukubwa wake hakuujua. Akashika nepi nyeupe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili blanketi jeusi la mtoto. "Gizani, kwa mbali, hili jeusi kubwa na hii nyeupe ndogo vinarudisha mwanga sawasawa. Jicho haliwezi kutofautisha. Kuna siku moja tu utajua: siku mwezi utakapopita mbele ya nyota na kuifunika. Hapo kivuli chake kinatua duniani, kinakimbia juu yetu, na nyota inazimika kwa muda wa chafya mbili. Watu wakiwa wamejipanga sehemu mbalimbali, kila mmoja akasema yake ilizimika lini na ikawaka lini, umeupima mwezi kama unavyopima kitambaa."

Alifunga ndoa tarehe 4 Machi 1978 na dereva wa lori la kituo, aliyekuwa akipandisha maji na vifaa kilimani. Mzee mwenyewe husimulia kwamba alimposa ndani ya lori, marehemu akiwa amepakata sanduku la vioo na kumwambia kila kona, "Polepole." Akamwuliza, "Nikikuoa, nitaambiwa polepole maisha yangu yote?" Akajibiwa, "Nikiwa nimebeba vioo tu." Walijaliwa watoto wawili wa kiume. Mzee alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba mkewe ana mume mwingine huko juu, ule mwezi, mfupi, mbishi, anayekwenda kinyume na watu, na kwamba kwa kweli wanafanana.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu aliagiza tusiparuke. Tulitaka kuparuka. Mwanawe mkubwa alisema, "Aibu ya marehemu inazikwa naye." Lakini yeye alikwishamwambia mkaza mwana wake, akiwa kitandani, "Mkinipamba nitaona haya hata humo ndani. Semeni ilivyokuwa." Basi tunasema.

Mwaka 1996 hesabu zake zilionyesha kwamba tarehe 21 Septemba, saa mbili usiku, kivuli cha mwezi ule kingepita juu ya mji wetu. Alifurahi mno. Alikwenda redioni, akaenda kwa mwalimu mkuu, akaazima darubini ndogo kutoka kila shule iliyokuwa nayo, zikapangwa kwenye uwanja wa mpira. Kwa kuwa taa za maduka yanayouzunguka uwanja zingeharibu kazi, alipita duka kwa duka kuomba zizimwe jioni ile. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mauzo. Watu walizima. Mwenye bucha alifunga kabisa, akaleta na benchi. Familia zilikuja na mikeka. Mkaza mwana wake tuliyemtaja alikuwepo pia, mgongoni kwa mama yake, amelala.

Siku chache kabla, katika chumba cha vipimo, mfanyakazi mpya, binti waliyemwita Miwani, alikuwa amemwambia hivi: "Mama, nafasi ya hii nyota umeitoa kwenye orodha ya zamani sana. Nyota nazo husogea kidogo kidogo. Tuipime upya." Marehemu alicheka. Alikuwa ameukimbiza mwezi miaka ishirini. Kwake chenye kutembea kilikuwa mwezi, nyota ilikuwa kigingi cha kupimia. Akasema mbele ya chumba kizima, "Mwanangu, mwezi ndio una miguu. Nyota umeiona wapi na viatu?" Chumba kikaangua kicheko. Miwani akainamia meza yake.

Saa mbili ikafika uwanjani. Watu walinyamaza hata watoto wakanyamaza. Ikapita. Wanafunzi kwenye darubini walisema nyota ipo, bado ipo, ipo vilevile. Marehemu alisimama na saa mkononi akisema, "Bado kidogo." Akasema tena. Baadaye sauti ikatoka gizani, "Mama, huo mwezi wako umekosa nauli?" Uwanja wote ukacheka, na hapo ndipo watu walipoanza kukunja mikeka.

Nyota ilikuwa imesogea, kiasi kidogo mno, unene wa unywele kwa mtu aliye mwisho wa barabara. Lakini kwa umbali ule, unywele huo ukishuka duniani unakuwa mwendo wa siku nzima kwa lori. Kivuli kilipita sehemu nyingine kabisa, na huko hakuna mtu aliyekuwa akitazama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo hawakulitaja, na marehemu alivunjikia hapo.

Jumatatu aliingia chumba cha vipimo, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Miwani. "Ulinambia."

"Ndiyo, mama. Nilikwambia."

Hawakuongeza neno. Marehemu alisema mara nyingi kwamba angetukanwa angepona haraka zaidi.

Mji ulimpa jina, Mama Kivuli. Sokoni waliuliza kama analipa kwa noti au kwa kivuli cha noti. Mwenye bucha, ambaye ni mtu wa utani na yeye mwenyewe hatakataa, alimwambia mbele ya foleni, "Mama, leo nyama ipo. Nikikupimia utaiona, au mpaka nizime taa?" Marehemu alipokea nyama yake akasema asante. Tangu siku hiyo nyama ilinunuliwa na mzee. Mwanawe mkubwa alipigana shuleni kwa ajili ya jina lile, akarudi na shati halina kifungo hata kimoja, na mama yake alivishona vifungo vyote bila kumwuliza walipigania nini, maana alijua. Kwa miaka mingi alishuka kutoka kilimani kwa njia ya nyuma, kwenye mabomba ya maji taka, ili asipite uwanjani. Mzee alimwambia, "Mke wangu, watu wamesahau." Akajibu, "Wao wamesahau. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati."

Aliendelea na kazi. Alipima upya kila nyota aliyowahi kuitegemea, na alimweka Miwani awe wa kukagua hesabu zake, naye Miwani hakuwa na huruma, jambo ambalo marehemu alilipenda. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Waliomwandalia chai ya kumuaga walitaka ahutubie. Alisema asante, akaomba sukari.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa. Mara mbili kwa wiki mkaza mwana wake alimpeleka hospitali kusafishwa damu, chumba cha mwisho wa korido, ambako viti ni vya plastiki ya bluu na kimoja kimepasuka na huchokonolewa na kila anayekikalia. Alikuwa mgonjwa mwepesi. Aliwauliza wauguzi mashine inazungusha damu kwa kasi gani, akawapigia hesabu, wakachoka naye kwa upendo.

Mwanzoni mwa mwaka huu, 2019, Miwani alikuja nyumbani. Sasa yeye ndiye mkuu wa kituo. Alikaa kwenye kochi, mjukuu akaanza kumvuta miwani, akamwachia.

"Mama, mwezi wako unarudi," alisema. "Tarehe nane Machi, saa mbili kasoro. Njia ni ile uliyoikokotoa wewe. Nimeikagua mara tatu. Nyota nayo nimeipima mwenyewe."

"Kivuli kinapita wapi?"

"Miji mitatu ya kaskazini kinapita katikati. Sisi tuko pembeni. Kinaweza kutugusa, kinaweza kutukosa. Nahitaji uwanja, na nahitaji taa za maduka zizimwe."

Marehemu alikunja nepi iliyokuwa mapajani, akaikunja tena. "Waombe wewe."

"Nilituma kijana wa ofisini. Wamemwambia walishaoneshwa sinema hiyo."

"Basi uache huu mji. Una mingine mitatu."

"Mitatu itanipa katikati. Pembeni nitapajuaje? Nikikosa pembeni sijui unaishia wapi. Na ukipita safari hii, mama, wewe na mimi hatutauona tena ukipita hapa."

Marehemu aliiweka nepi kando. Kisha akasema, "Nilikucheka mbele ya watu. Halafu watu wakanicheka mimi. Nilidhani deni limekwisha, kumbe nilimcheka mtu mmoja nikachekwa na wengi, na bado wewe ndiye hukustahili."

"Mimi sikuja kwa hilo," alisema Miwani. Lakini alivua miwani yake akaifuta, na haikuwa na uchafu isipokuwa vidole vya mtoto.

Asubuhi iliyofuata marehemu alimwambia mkaza mwana wake amfunge mtoto mgongoni, watoke. Walipita njia ya mbele. Mguu ulikuwa umevimba, alivaa kandambili za mzee. Alianzia kwenye bucha.

Mwenye bucha alimwona, kisu kikabaki hewani. "Mama. Karibu. Miaka mingi."

"Miaka mingi, baba. Nimekuja kukuomba uzime taa tena."

Waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Mmoja alikohoa ili asicheke. Mwenye bucha akaweka kisu chini. "Safari hii una uhakika?"

"Sina. Nina hesabu. Inaweza kuzimika, inaweza isizimike. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakuwa nakuuzia mfupa kwa bei ya steki."

Mwenye bucha alifuta mikono kwenye aproni muda mrefu. "Ile siku," akasema, "nilikutania mbele ya watu."

"Ulinitania."

"Lile benchi bado ninalo. Limelegea mguu mmoja. Nitaligongea msumari."

Akapita duka la dawa, duka la simu, saluni, kwa fundi viatu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, na kila mlango aliyasema akitazama chini. Mkaza mwana wake anasema hakuna aliyemfukuza, lakini wapo waliomwacha asimame muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Tarehe 8 Machi taa zilitakiwa zizimwe, na zikazimwa. Marehemu aliketi kwenye benchi la bucha, amejifunika kitenge hadi kwenye paji la uso. Vijana wa kituo walikuwa na darubini moja na kamera. Saa ikafika. Kijana aliyekuwa kwenye kamera alisubiri, akasubiri, kisha akasema taratibu, "Mama, haikuzimika."

Alijua, kwa akili, kwamba hata hapana ni jibu. Miwani alikwishasema tuko pembeni. Lakini akili ni kitu kimoja, na uso wa mtu katika uwanja uleule, mbele ya watu walewale, ni kitu kingine. Kama kaskazini nako haikuzimika, basi hesabu ilikuwa ya uongo kwa mara ya pili. Alivuta kitenge kikafunika macho. Hakuna aliyetoa utani. Mwenye bucha alikaa karibu naye, akatazama viatu vyake.

Simu ya kijana ikalia. Alikuwa Miwani, na kijana akaifungulia sauti.

"Mji wa kwanza imezimika. Wa pili imezimika, muda mrefu. Wa tatu imezimika kidogo. Kwenu?"

Kijana aligeukia benchi. Marehemu akasema chini ya kitenge, "Kwetu haikuzimika."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Ikasikika pumzi ndefu kwenye simu. "Basi, mama, mwisho wake uko kati ya mji wa tatu na hapo mlipokaa. Tumeupata ukingo. Msingekuwepo hapo ningejua una katikati, nisingejua una mwisho. Ni mdogo kuliko tulivyodhani. Na kama ni mdogo hivyo, ni mweupe."

Mwenye bucha aliuliza, "Kwa hiyo kutoona kwetu ndiko kuona?"

"Ndiyo, baba," alisema marehemu. "Mmeona vizuri sana." Akalia. Mkaza mwana wake alimshika bega, naye marehemu akasema kitu ambacho hakutaka kipotee: kwamba mara ya kwanza watu walizima taa kwa sababu walimwamini, na hiyo ndiyo iliyomuuma miaka yote, wala si kucheka kwao, na mara ya pili walizima wakiwa hawamwamini, na hajui amlipe nani.

Kituo kilitoa matokeo mwezi Mei, jina lake likiwa la kwanza na la Miwani la pili. Aliomba majina yageuzwe. Yaligeuzwa. Umbo na upana wa mwezi ule sasa vinajulikana. Uzito wake bado, na aliomba tuseme hivyo pia.

Mwezi Julai mwili ulikataa mashine. Alilazwa tarehe 22, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Jumapili alasiri alimwomba mkaza mwana wake amlaze mtoto kifuani pake. Mtoto alimshika lile kope lenye mkunjo, akalivuta, na marehemu akamwacha alivute. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 30 Julai 2019, mumewe akiwa ameshika mkono wake na kumwambia, "Polepole."

Ameacha mume, kaka mmoja, watoto wawili wa kiume, wakaza wana wawili, wajukuu watano, na Miwani, ambaye familia imemwomba akae nasi mbele leo, naye amekubali.

Agizo lake la mwisho tunalifikisha kama alivyolitoa. Nyinyi mliozima taa zenu mara mbili, mwenye bucha, wenye maduka, na wote waliokuja na mikeka: anaomba radhi kwa ile mara ya kwanza. Alisema hakuwa na uso wa kuwaambia hayo akiwa hai, na alitumaini mtamvumilia akiyasema amelala. Kwa ile mara ya pili, anawashukuru.

Mungu amlaze mama yetu mahali pa amani, pasipo na haya.